Waini ya Rangi na Barafu ya Kisima

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja glasi sita. Si moja moja. Zote kwa mkupuo, kutoka kwenye trei moja, mbele ya Bwana Msimamizi wa nyumba ya wageni ya serikali pale Mpwapwa. Nilikuwa msichana wa kijijini, Mgogo halisi, Kiswahili changu bado kinachechemea, na sare niliyopewa ilikuwa ya mama mmoja mnene aliyekuwa amestaafu. Bwana Msimamizi aliviangalia vile vipande, kisha akaniangalia mimi.

"Umemaliza?"

"Shikamoo," nikajibu, maana hofu ilishanichanganya.

"Marahaba. Kalete ufagio. Ukimaliza kufagia, njoo nikufundishe trei inavyobebwa."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya vinywaji, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Leo mnakuja nyumbani kwangu, "Bibi Damari, ile kokteli yako ya waini unaitengenezaje? Tuna sherehe Jumamosi." Mnataka niwaambie kwa dakika mbili, muandike kwenye simu, muondoke. Thubutu! Ile waini nilifundishwa na mtu, na msipomjua huyo mtu mtakosea kama nilivyokosea mimi. Kaeni.

Bwana Msimamizi wa Mpwapwa alikuwa amepita jeshini, na alifundisha hivyo hivyo kijeshi. Trei hubebwa juu ya kiganja kilichotandazwa, si kwenye ncha za vidole. Kilicho kizito hukaa katikati. Glasi huoshwa, ikafukizwa kwa mvuke wa birika, ikafutwa kwa kitambaa kisichotoa vumbi, na ukiishika shika mguu wake, usiache alama za vidole mahali mgeni atakapoweka mdomo. Jokofu letu lilikuwa la mafuta ya taa, na utambi wake usipokatwa vizuri lilitoa moshi na kukataa kupoza. Lakini barafu yake, jamani! Maji yetu yalishuka kutoka mlimani, matamu, na yakiganda unaona mpaka upande wa pili. Sikuwahi kujiuliza barafu imetokana na maji gani. Kwangu maji yalikuwa maji.

Nikahamishiwa Kongwa. Msimamizi wa kule alikuwa mama mpole aliyelala kila siku baada ya chakula cha mchana, na wageni wetu walikuwa maafisa mifugo waliokunywa bia na kuzungumza habari za ng'ombe tangu wanapoketi hadi wanapoinuka. Kazini sikujifunza kitu kipya. Ila huko niliolewa, nikapata watoto watatu, na huko huko nikafiwa na mume. Barua ya uhamisho wa Dodoma mjini ilinikuta bado niko kwenye nguo nyeusi.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi hamkuijua dunia ya foleni, ya kuvizia sabuni, kwa hiyo hamwezi kuelewa tulivyoshangaa maduka yalipoanza kujaa. Bia za kopo, juisi za boksi, waini za Ulaya zenye picha za majumba kwenye karatasi. Waini yetu ya Dodoma, iliyotokana na zabibu tulizoziona zikikua kwa macho yetu, ikawa ya kudharauliwa. Wageni waliisukuma pembeni. "Hii inakwaruza koo," walisema. Na kweli, ya wakati ule nyingine ilikwaruza, siwezi kusema uongo uzeeni.

Aliyeikomboa ni Mzee Shabani, mkuu wa vinywaji pale Dodoma. Alikuwa mtoto wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya zamani wakaweka makazi, na alikuwa Mwislamu wa swala tano. Tangu azaliwe hakuwahi kuonja waini hata tone. Mnacheka? Mimi pia nilicheka siku ya kwanza.

"Sasa Mzee, unajuaje kama imekolea?"

"Jicho linaona, pua inanusa," akasema. "Ulimi nilikuwa sina. Wameniletea wewe."

Basi tukawa tunafanya kazi hivyo. Yeye anachanganya, mimi naonja na kumweleza: kali, tamu mno, bado. Alinisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa. Na kwa kila bakuli la waini alitengeneza la pili lisilo na kileo, zuri vile vile, lenye upawa wake. Hiyo kwake ilikuwa sheria: upawa wa bakuli la waini haugusi bakuli jingine. Mji wetu una watu wa kila dini, na mtu akialikwa anywe bila kunusanusa glasi yake kwa wasiwasi.

Haya, andikeni sasa. Tumieni waini nyeupe na bakuli la kioo. Nyekundu humeza rangi, ukiweka matunda humo yote yanaonekana maini. Siku moja kabla ya sherehe, kata nanasi, papai lililoiva lakini gumu, na machungwa yaliyotolewa utando mweupe maana huo ndio unaoleta uchungu. Loweka ndani ya waini, funika, weka penye baridi. Usitie ndizi, inakuwa nyeusi, utaaibika. Pembeni chemsha rozela, ile wengine huiita choya, na sukari nyingi mpaka iwe shira, yaani nzito ya kunata. Ipoe kabisa. Wageni wakishafika, tia tikiti maji kwenye bakuli, si kabla, linachuja. Tia soda nyeupe. Kisha shira imimine taratibu ukiifuatisha ukingo wa bakuli. Kwa uzito wake inazama, na hapo utaona chini nyekundu, katikati inafifia, juu matunda yanaelea. Watu hupiga kelele.

Tuliwapa wageni kinywaji hicho misimu ya joto, Oktoba hadi mvua za kwanza, na waini iliyokuwa ikidharauliwa ikawa inaulizwa kwa jina. Kisha tukasikia nyumba ya wageni inakodishwa kwa mtu binafsi. Hatukuamini. Akaja kweli, mfanyabiashara, mtu wa maneno machache, sisi tukamwita Bosi Mpya. Akatukusanya.

"Jikoni nabakiza wawili," alisema. "Usafi wawili. Vinywaji, mmoja."

Vinywaji tulikuwa wawili. Mimi na Mzee Shabani.

Nilirudi nyumbani nikawatazama watoto wangu watatu wakila ugali na mlenda, nikawasogezea na sahani yangu. Sikuwa na shamba, sikuwa na mume, sikuwa na ufundi mwingine. Na wa kushindana naye ndiye mtu aliyenifundisha kila kitu! Kesho yake nilimkuta anafuta glasi. Akasema tu, "Riziki haina mwenyewe, binti yangu. Nipe kile kitambaa."

Bosi Mpya hakutangaza mtihani, lakini sote tulijua. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, na sherehe ingekuwa nyumbani kwake, mchana, Novemba, joto la kukausha mate. Akatuita wote wawili. "Damari, bakuli la waini ni lako. Mzee, lile la wasiotumia kileo." Kila mtu na lake, na macho yake juu yetu.

Nilitaka kuonyesha, hilo nakiri. Mzee Shabani hakuwa akitumia barafu hata siku moja; aliyatoa mabakuli kwenye jokofu dakika ya mwisho yakiwa tayari yamepoa. Mimi nikasema leo nitamzidi, nitaweka barafu kama ile ya Mpwapwa, mabonge makubwa yanayong'aa. Bomba lilikuwa limekata maji tangu juzi yake. Nikachota kisima cha uani kwa Bosi, nikagandisha kwenye mabakuli, nikajiona fundi.

Aliyekaa Dodoma ameshajua nilichokifanya. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Birika likichemshiwa maji hayo mwezi mmoja linaota ukoko mweupe ndani. Wenyeji wanayajua, wanafulia, wanafanyia usafi, ya kunywa wanatafuta penginepo. Mimi nilikuwa nimekuja na akili ya Mpwapwa, na kwenye nyumba ya wageni maji ya kunywa tuliletewa kwenye madumu, sikuwa na haja ya kuuliza.

Kwa nusu saa ya kwanza nilisifiwa. Kisha joto likafanya kazi yake, mabonge yakayeyuka. Nilimwona shangazi mmoja wa Bosi akinywa, akasimama, akauangalia mdomo wa glasi.

"Jamani, hii waini wametia chumvi?"

Mwingine akaonja. "Ee, kweli! Kama mchuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama na trei. Bosi Mpya akaja, akaonja, akatema kwenye leso.

"Nani kaweka barafu hii?"

Wallahi, nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Lakini niliwaona watoto wangu, niliiona ile sahani ya mlenda, na sauti haikutoka.

"Mimi," akasema Mzee Shabani nyuma yangu. "Barafu ni yangu, Bosi. Uzee huu, nimesahau maji. Binti hana kosa."

Bosi akamtazama, akageuka akaenda zake. Mzee akanishika kiwiko, akanivuta jikoni. Kwenye friza alikuwa na masinia mawili ya zabibu, nyeusi na za kijani, zilizogandishwa moja moja mpaka zikawa ngumu kama gololi. Alikuwa ameziandaa kwa ajili ya bakuli lake.

"Zabibu iliyoganda inapoza na haitoi maji," alinong'ona. "Chukua."

"Na bakuli lako, Mzee?"

"La kwangu watalinywa la vuguvugu, Mungu atawasamehe. Acha kulia, utanitilia chumvi nyingine. Fanya haraka!"

Matunda ya akiba niliyoyaloweka kwenye waini yalikuwepo. Nilijaza bakuli jipya, nikatia shira, nikamwaga zile zabibu juu zikiwa zimeota ukungu mweupe wa baridi. Tulipolitoa nje watu walisimama kutoka kwenye viti. Yule shangazi aliyelalamika alikunywa glasi tatu. Bosi Mpya akauliza, "Hili nani katengeneza?" na Mzee Shabani akajibu kabla sijavuta pumzi, "Damari huyu."

Jumatatu nilipewa barua ya kubaki. Yeye alipewa ya shukrani.

Nilikwenda kwake jioni hiyo hiyo, mtaa wa Majengo, nikiwa nimeazimia. Nilimkuta barazani anatengeneza redio. Nikamwambia, kesho asubuhi naenda kwa Bosi, namweleza ukweli. Hakuinua hata kichwa.

"Ukimweleza ataona mmoja ni mwongo na mwingine ni mwoga. Atatufukuza wote, atatafuta msichana wa mjini mwenye kucha nyekundu. Hilo ndilo unalotaka?"

"Hapana, Mzee, lakini dhamiri—"

"Mimi wanangu wameshaoa, wameshaolewa. Wako wanavaa kaptula. Halafu nimechoka kushinda nanusa kitu nisichokunywa." Hapo ndipo aliponitazama. "Nenda kazini, mama. Na ule upawa usije ukagusa bakuli la pili, nitajua."

Akaenda kuuza juisi sokoni, ya ubuyu na ya ukwaju, na mimi nikabaki. Bosi Mpya, ambaye siku hizi ni Bosi Mzee, alinifundisha mengi pia, siwezi kumnyima haki yake. Alipanua nyumba, akanipeleka kozi, akanifanya mkuu wa vinywaji, na chini yangu walipita vijana wengi ambao leo wako kwenye mahoteli makubwa. Watoto wangu watatu walisoma kwa trei ile. Mmoja ana ofisi Mtumba, kwenye mji wa serikali, anakwenda na gari lake. Kila muhula nilipolipa ada nilipitia sokoni, nikanunua juisi ya ubuyu, nikainywa nimesimama palepale. Hatukuitaja barafu tena.

Nashukuru kwa mengi. Namshukuru Bwana Msimamizi aliyenipa ufagio badala ya barua ya kufukuzwa, na yule mama wa Kongwa aliyenikalia matanga siku tatu bila kulala hata mchana. Wengi wenu mnaona kazi ya kumimina vinywaji ni kazi ya hivi hivi. Sawa. Lakini mimi nimewaona watu kwenye furaha zao kwa miaka yote hiyo, nikalipwa kwa kuwaona.

Siku ya kuagwa kwangu kazini niliomba watu wawili tu waalikwe kwa ajili yangu: dada yangu na Mzee Shabani. Alikuja na mkongojo, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, akakaa karibu na bakuli la wasiotumia kileo. Nikapewa nafasi ya kusema neno. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaiweka chini. Nilisema, mbele ya Bosi, mbele ya vijana wote niliowafundisha: "Kuna kitu nimekaa nacho tangu siku ya kipaimara. Ile barafu ya chumvi ilikuwa yangu. Huyu mzee aliibeba yeye, na mimi nikala mkate wake maisha yangu yote."

Bosi akaiweka glasi yake mezani. Mzee Shabani akaegemea mkongojo wake, akainuka polepole, sauti yake bado ile ile.

"Bosi, usimsikilize, ameanza kuzeeka. Barafu ilikuwa yangu na mpaka leo ni yangu." Akanigeukia. "Na wewe Damari, kaa chini. Watu wana kiu."

Nikakaa.