Aliyemwamsha Dongara

Mtaani Ekoda, Chizuru Otaka hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa Mama Amka, mke wa fundi wa mikeka ya tatami, na kila aliyevuka miaka hamsini alijua jina hilo lilitoka wapi. Alipokuwa na miaka kumi, katuni ya Dongara ilianza kuonyeshwa Jumapili jioni. Dongara lilikuwa roboti kubwa lililofichwa chini ya bafu la umma, likitokea kwenye bomba la moshi. Kabla ya tarumbeta kulia, kabla ya mwimbaji wa sauti nzito kufungua kinywa, mtoto mmoja wa kike alipiga ukelele: "Dongara, amka!" Nchi nzima watoto wakaweka vijiti vya kulia chini na kugeukia televisheni.

Mtoto huyo alikuwa Chizuru. Kwenye kioo cha televisheni liliandikwa jina la kwaya yao ya watoto tu, lakini mama yake alikwishatangaza habari hiyo kwa muuza samaki, na akishajua muuza samaki basi Ekoda nzima imejua.

Shigeo, ambaye baadaye angekuwa mumewe, naye alikuwa mmoja wa watoto wale wa Jumapili. Siku moja aliweka redio kaseti mbele ya spika ya televisheni ili aurekodi wimbo, akawaamuru wote wa nyumbani wasikohoe. Akasahau kumwambia mama yake aliyekuwa jikoni. Ndiyo maana katika kaseti ile, mwimbaji akiwa ndio kwanza anapandisha sauti, mwanamke anasikika akifoka: "Shigeo, wali unapoa!" Mama huyo alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Shigeo hakuwahi kurekodi kitu kingine juu ya kaseti ile, na kila mwezi wa Agosti, siku za Obon, za kuwakumbuka wafu, aliicheza mara moja, macho yamefumbwa. Chizuru alikaa kando yake, mabega ameyanyoosha, kama mtu anayepigwa picha. Aliamini kwamba mumewe anamsikiliza yeye.

Alikuwa na sababu ya kuamini. Harusini kwao walimpa maikrofoni, akaita, "Dongara, amka!" na wajomba wakagonga meza kwa furaha. Bwana harusi alipiga makofi pamoja na wengine.

Siku hizi wenye umri wao hukutana mchana kwa Bi Fumie, kwenye kibaa chake cha karaoke, wanakunywa kahawa, wanakula keki za maharage na kuimba kwa zamu. Wimbo wa Dongara una utaratibu wake pale. Maikrofoni humwendea Chizuru kwanza, aite, kisha hupewa aliyeuchagua wimbo. Ubeti wa kwanza wote huimba kwa nguvu. Wa pili hunung'unika tu, kwa sababu televisheni haikuwahi kuufikia, na nani alikuwa na hela ya kununua sahani ya santuri?

Mwezi wa tano akaingia Mitsue, mwenzake Chizuru wa kwaya, aliyerudi na mumewe kutoka Kushiro baada ya kuishi huko maisha yake yote ya ndoa. Walikumbatiana, jambo ambalo watu wa Ekoda hawalifanyi. Mzee Tadokoro akachagua Dongara. Maikrofoni ilipopita, mikono miwili ilinyooka.

"Shoga, vipi tena?" Mitsue akacheka. "Hiyo si yangu?"

"Yako kivipi? Mtaa mzima huu unajua ni mimi."

"Na Kushiro nzima inajua ni mimi! Hebu kumbuka. Yule mkurugenzi wa studio alituambia tuite mmoja mmoja, wasichana sita, halafu akasema asanteni, tumepata. Alisema nani?"

Chizuru akakumbuka. Mkurugenzi hakusema nani. Aliwapa soda ya tikiti, akawaruhusu waende, na akina mama sita wakarudi mitaa sita, kila mmoja na nyota wake mkononi.

"Basi ita wewe," Chizuru akasema. "Tukusikie."

Mitsue akaita. Mwishoni sauti ikapasuka kidogo na kuruka juu, vilevile kama Jumapili zile. Mzee Tadokoro akashusha kikombe. Hakuna aliyemtazama Chizuru, na huko kutotazamwa ndiko kulikomuumiza.

"Jamani, nani aongezwe keki?" akauliza Bi Fumie.

Chizuru alirudi nyumbani kwa miguu. Jina la mtaani angeweza kuliacha, wazee watasahau au watakufa. Lakini Shigeo? Shigeo alioa sauti, na sasa sauti yenyewe imehamia mtaa wa tatu, inampikia mwanamume mwingine. Aliogopa, akiwa na miaka yake yote hiyo, kama bibi harusi.

Alimkuta mumewe karakanani, anashona ukingo wa mkeka.

"Shigeo, si mimi niliyemwamsha Dongara. Ni Mitsue. Nimemsikia leo."

"Najua."

"Unajua nini? Mitsue mwenyewe humjui!"

"Simjui. Ila najua si wewe. Nilijua pale harusini ulipoita." Akavuta uzi. "Kaseti ile naijua kuliko mkono wangu."

"Mwanamume wewe! Miaka yote hii unaniacha nijishaue?"

"Ulikuwa unafurahi. Tena nilikuwa nimeshavaa kimono cha kukodi, ningesemaje?"

Chizuru hakucheka. "Basi kila Obon, nikikaa pale kama sanamu, ulikuwa unamsikiliza nani?"

Shigeo akamtazama kama anayeulizwa jina la baba yake.

"Mama," akasema.

Chizuru akaegemea mlango. Aliwaza Obon zote zile, mabega yake yaliyonyooka, na mwanamke mwingine anayefoka kutoka jikoni, ambaye siku zote alimwona kama doa ndani ya wimbo. Aliona haya, na chini ya haya palikuwa na nafuu.

Akaenda jikoni. Alichoma samaki, akapakua wali, akamimina mchuzi. Kule karakanani sindano iliendelea kuingia na kutoka. Kwa kawaida angemfuata hadi mlangoni na kumwambia kwa upole. Jioni hiyo alibaki palepale kwenye jiko, akavuta pumzi, na kufoka kwa sauti yake mwenyewe:

"Shigeo, wali unapoa!"

Sindano ikanyamaza.