Unga wa Mtoto Asiye na Jina

Mwaka ule wa ukame, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwanangu wa kwanza alikuwa ameshajua kukaa mwenyewe lakini hana jina. Mimi ni binti wa wakulima wa Karatu, nikaolewa na mfugaji upande wa Kakesio. Kwa wakwe zangu mtoto hapewi jina mpaka anyolewe pamoja na mama yake na kondoo achinjwe. Kondoo waliobaki walikuwa mifupa mitupu. Tukasubiri mvua.

Lori likaleta unga wa njano kigangoni. Magunia yaliandikwa kwamba ni zawadi ya watu wa nchi za mbali. Katekista akasimama mlangoni mwa stoo akidai cheti cha ubatizo cha kila mtoto.

"Wangu hana," nikamwambia.

"Anaitwa nani?"

"Hajapewa jina."

"Basi mlete, maji yapo. Namchagulia jina la mtakatifu sasa hivi, unabeba unga wako."

Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, akanisukuma mgongoni. "Mpe. Amwite anavyotaka. Sisi tutamwita tukipata kondoo."

"Hapana, yeyo," nikamjibu, kama wanavyomwita mama kwao.

"Kwani Mkristo si wewe?"

"Ndiyo maana nakataa."

Wazazi wangu walinifundisha sala kabla sijajua kusoma, halafu huyu aniuzie ubatizo kwa bakuli la unga? Tena mtoto analia njaa. Sekondari, kwenye somo la siasa, tulifundishwa kwamba mataifa yalikaa yakakubaliana: mtu ana haki ya kula kwa sababu ni mtu, dini yake isiulizwe. Nililikariri kwa ajili ya mtihani. Siku ile nikalitoa lote, kwa sauti.

"Waliotuma magunia haya hawajui hata kama nasali," nikamalizia. "Wewe katekista, nani kakutuma kuuliza?"

"Mama, hapa si shuleni. Hapa ni kanisani."

"Basi niitie padre."

Padre akatoka uvunguni mwa gari, mikono imejaa grisi. Nikarudia yote.

"Na ubatizo je?" akauliza.

"Nitamleta mwenyewe, baba, akishiba na akiwa na jina lake. Na baba yake akikataa, mtoto atakula vilevile."

Akawatazama akina mama waliokaa ukutani na watoto wao wasio na vyeti. Kisha akamwambia katekista apimie wote.

"Sasa huyu nimwandike nani?" katekista akanung'unika.

"Mwandike mtoto," padre akamjibu.

Katekista akapima bakuli nusu. Nikamwambia ajaze. Akajaza.

Mama mkwe akafunga unga kwenye shuka. "Twende, jua linapanda. Mdomo wako huo utatuchelewesha."

Sikwenda. Nilisimama palepale mlangoni, mtoto mgongoni, nikilikodolea macho lile bakuli mpaka mama wa mwisho pale ukutani akapimiwa wake.