Hirizi ya Bibi wa Plastiki

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, na joto likarudi palepale.

Binti yangu kafungua rangi ya kucha, na harufu yake imenirudisha Michenzani, kwenye ngazi za jengo letu, mimi na dada yangu Saumu tukicheza vita kwa vijitu vya plastiki alivyotuletea ami, baharia. Jemadari wangu nilimpaka joho jekundu kwa rangi ya kucha ya mama. Nilimpenda kuliko nnavyoweza kuandika, na kuandika kwenyewe sikujui sana.

Sheria za mchezo zilikuwa za Kiingereza, na msomaji ni Saumu. Kwenye jeshi lake mlikuwa na bibi mmoja mwenye uwezo ulioandikwa "charm", ambao kamusi ya skuli iliuita hirizi. Dadu ikija sita, askari wako anavishwa hirizi, anahamia kwa bibi, anakupiga wewe.

"Hirizi gani hiyo?" nikamwambia. "Hirizi si inamkinga mtu?"

"Ndiyo inamkinga. Hapigwi."

"Jemadari wangu anipige, mimi nisimpige?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Usinichoshe!"

Basi kila tukicheza jemadari ananihama, na mshindi ndiye anayelala naye chini ya mto. Nilichoka mpaka machozi. Lakini niseme haki, Saumu hakunidanganya. Naye alikuwa akibabaisha tu.

Siku moja Bi Kidawa wa ghorofa ya juu alishuka na beseni lake la nguo, akatukuta tunazozana. Nikamshitakia: mtu anawaacha watu wake, anamfuata bibi, wala hajijui! Akaangua kicheko.

"Hirizi wapi, mwanangu! Huyo kalishwa limbwata. Muulizeni mama yenu."

Mama alikuwa kasimama mlangoni. Aliwazoa askari wote kwenye upande wa kanga, na jemadari wangu ndani yake, na sikuwaona tena. Nilimnunia mno. Kamusi ikosee, Saumu akosee, niadhibiwe mimi?

Nilishakuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba siku zile baba alikuwa ameoa mke wa pili, mtaa wa Mpendae, na jengo zima likisema kalishwa. Mimi sijui. Huyo bibi wa Mpendae sikuwahi kumsikia upande wake, na labda baba alikwenda kwa miguu yake tu. Ila mama naye alikuwa na jemadari wake aliyemhama, na hakuwa na la kumfanya.

Leo jioni tumekula mihogo ya nazi. Siku ile ya Bi Kidawa pia ilikuwa mihogo, na sahani ya baba ilikaa chini ya kawa mpaka ikapoa.