Ng'ombe wa Chuma wa Mama Kulwa

Jirani yangu Kija, ambaye hapa Mabwerebwere tunamwita Mama Kulwa, cherehani yake huiita ng'ombe. Wala hatanii. Alipoolewa na Seni huko kwao Usukumani, baba yake alimpa mtamba wa ng'ombe awe wake mwenyewe, naye akambadilisha na cherehani ya miguu ya mjane mmoja. Hata siku hiyo ilikuwa kuukuu: nyeusi, na maua ya dhahabu ubavuni yaliyofifia, ukiyatazama sana yanapotea. Baadaye walihamia huku na mifugo yao, wakaweka boma Kisanga. Ugonjwa wa ndigana ukaingia zizini ukamaliza ng'ombe wote. Akabaki huyo wa chuma, wakaja naye mjini.

Nilizoea kukaa barazani kwake na mwanangu Oliver, maana mlio wa ile cherehani ulimlaza kuliko wimbo wangu. Pedali ikipanda na kushuka, mkanda wa ngozi ukizunguka, unasahau kwamba uliacha maharage jikoni. Mama Kulwa alishona macho yamefumbwa nusu, akiisemesha kwa Kisukuma. Akimaliza kazi, alichovya unyoya wa kuku kwenye kichupa cha samli na kudondoshea kwenye vitundu vya mafuta. Miaka ile ya foleni mafuta ya cherehani hayakupatikana, akazoea samli. Maduka yalipoanza kujaa vitu, hakubadili.

"Huyu ni wa kwetu," aliniambia. "Samli anaijua."

Jua likiipiga, baraza zima lilinukia maziwa. Asubuhi cherehani ilikuwa nzito, mchana nyepesi kama inajiendesha. "Bado amesinzia," alisema kila asubuhi, akaingoja.

Kisha mitumba ikajaa soko la Kilosa, na watu wakaacha kununua vitambaa vya kushonesha. Na mwezi wa sita wa mwaka huohuo, baridi ilipoingia, gurudumu likakataa kabisa kuzunguka, asubuhi na mchana.

"Huyu hakamuliki tena, Mama Kulwa," Seni alisema. "Amekauka."

"Umekauka wewe."

"Kuna kijana wa Mikumi anauza mitumba, Tomasi. Atamchukua hivyohivyo mbovu, Jumamosi. Na mimi nipate mtamba mwenye pumzi."

Mama Kulwa akaiendea cherehani yake. Alikaa kwenye kiti chake, nyayo juu ya pedali, bila kukanyaga. Nikaona nimchukue mtoto wangu niende.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuomba moto. Ukungu ulikuwa umelala chini, nyumba zikionekana mapaa tu. Mama Kulwa alikuwa anachota samli ya kutia kwenye uji wa watoto. Kijiko kikanasa. Akakiachia, kikasimama wima chenyewe katikati ya samli iliyoganda. Akakitazama. Akageuza shingo polepole akaitazama cherehani.

"Mama Oliver," alisema kwa sauti ndogo, "nimemziba koo mwenyewe."

Tukaisogeza uani, jua lilipokuja kupasua ule ukungu. Akamimina mafuta ya taa kwenye kila kitundu, akapitisha unyoya, akafuta, akamimina tena. Yakatoka makamasi ya kahawia, mazito, miaka yote ile ya mapenzi. Mimi nilikimbia dukani kuleta mafuta yenyewe ya cherehani. Niliporudi alikuwa amelaza shavu juu ya kile chuma, na mkono wake unazungusha gurudumu, taratibu, linakubali.

Tulikuwa tumeirudisha barazani Seni alipofika na Tomasi, na kamba ya katani begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Kulwa akamwangalia kuanzia viatu mpaka koti. Lilikuwa koti zuri, lakini mikono ilimfunika vidole. "Baba, huyo marehemu wako wa kafa ulaya alikuwa twiga?"

Tomasi akacheka kwa aibu. "Ndivyo yanavyokuja, mama."

"Vua."

Akavua. Mama Kulwa akapima kwa shibiri, akakata, akakunja, akakanyaga. Ile cherehani ikaimba. Oliver akaegemea goti langu akaanza kusinzia. Seni alibaki amesimama, kamba mkononi, mdomo wazi.

Tomasi alipolivaa koti macho yalimng'aa. "Kumbe mzima! Basi namchukua sasa hivi, mzee. Nilidhani naokota chuma."

Kupona kwake ndiko kulikompa mnunuzi hamu.

"Mchukue," Mama Kulwa alisema, bila kuinua macho. "Mikumi kuna mtu wa kumkanyaga?"

"Mafundi wapo, mama."

"Wapo, mbona umekuja na mikono ya twiga?"

Seni akaguna, kicheko kikamtoka bila kutaka. Kisha akaitazama kamba mkononi mwake. Nilijua anamwona yule mtamba aliyetaka kumnunua, rangi yake, pembe zake.

"Tomasi," alisema mwishowe, "yapo makoti mengine ya namna hiyo?"

"Mengi, mzee. Watu wanayapenda, wanayajaribu, wanayaacha."

"Yalete hapa, yashonwe hapa." Akavuta kigoda, akakaa karibu na mkewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mtamba nitamngoja."

Mama Kulwa alisogeza kiti chake kidogo, ili mumewe apate kivuli.

Tomasi akakubali, akaondoka kuelekea stendi, akivitazama vidole vyake mwenyewe kama mtu aliyekuwa amevisahau.