Farasi wa Hatua ya Nne

Miaka ya tisini nilikuwa nikishona nguo kwenye baraza ya duka moja mjini Kisumu, na wanaume walicheza sataranji, au chesi kama tulivyoiita, kando ya cherehani yangu. Siku moja mchezaji alikosekana, nikakikalia kiti chake. Tangu hapo, kunitoa ikawa kazi.

Silaha yangu ilikuwa mbovu, na nilijua. Hatua ya nne tu, namtoa farasi mzima ili nile askari mmoja. Kisha nawasukuma askari wangu wa katikati, wanawafukuza farasi wa mwenzangu hadi walikotoka. Dawa yake ilikuwa rahisi: rudisha farasi wako mmoja nimle, nawe ule askari wangu, utulie. Lakini pale barazani, ukila kipande, mtazamaji wa upande wako alikitia mfukoni na kukipigapiga huku akicheka. Ukishashangiliwa hivyo, utarudishaje? Hakuna aliyerudisha. Niliwamaliza mmoja mmoja, mchana kweupe.

Baba ndiye aliyeuleta mchezo huo nyumbani. Aliwafundisha kaka zangu. Mimi nilijifunza nikiwapelekea chai. Hakuwahi kucheza nami hata mara moja, na jambo hilo liliniuma sana. Jumamosi moja alitoka Kombewa kuja kuchukua suruali yake, akakuta kiti kitupu mbele yangu.

"Keti, Baba," nikamwambia. "Suruali bado pindo."

Pindo nilikuwa nimemaliza asubuhi. Akaketi.

Hatua ya nne nikamtoa farasi.

"Huyu umetupa bure," akasema. "Nani alikufundisha hii?"

"Ni wewe, Baba."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimla farasi wangu, akakataa kumpa mtu, akamfumbata mwenyewe mkononi. Akafikiri kwa muda mrefu. Nina hakika dawa aliiona, maana jicho lilimwendea farasi wake zaidi ya mara moja, ila mkono ukagoma. Mfalme wake alinaswa katikati ya ubao kabla hajapata pa kujificha.

Nikaenda kumletea suruali yake, imekunjwa vizuri. Akaiweka pajani, akafumbua kiganja, akanirudishia farasi wangu.

"Panga tena, nyathina," akasema. Mtoto wangu. "Gari za Kombewa ziko mingi."