Rangi ya Meno Yangu Haikuwa Uchafu

Miaka hiyo ya tisini Kariobangi nzima ilinijua. Shule niliiacha darasa la nne, nikagonga mabati kwenye jua mpaka nikawa na karakana yangu, na mafundi walioniita Mzee, hata wale walionizidi umri. Hakuna sanduku la shule lililotoka kwangu likaingiza maji. Ulizeni.

Mimi ni Mkamba. Kwetu tulikunywa maji ya kisima, na maji hayo yalitutia meno rangi ya kahawia, ukoo mzima. Binti yangu Mwende alipokaribia kuolewa, nikasema sitasimama kanisani na mdomo wa namna hiyo. Nikaenda kliniki ya meno hapo mtaani.

Daktari hakuwepo. Nilimkuta msaidizi wake, mama mpole ambaye kazi yake ilikuwa kumpa daktari vyombo. Akanichungulia, akasema, "Huu ni ukoga, mzee, uchafu uliogandia meno. Nitaukwangua utoke wote."

Akakwangua. Haukutoka. Akazidisha, mpaka chuma kikaingia chini ya fizi na damu ikanijaa mdomoni. Mimi nilizidi kupanua mdomo, kwa sababu bati lenye kutu ndivyo linavyosafishwa, na huwezi kuniambia kitu kuhusu kutu.

Fizi ya chini ilivimba. Nikaenda kazini hivyo hivyo, kila pigo la nyundo likinipasua taya. Mke wangu alinisihi twende hospitali. Nikamwambia alete maji ya chumvi. Usaha ulianza kutoka, unanuka hata mafundi wangu wakawa wanasimama mbali. Kisha ulimi ukainuliwa na uvimbe, mate yakanidondoka kifuani kama mtoto mchanga.

"Baba Mwende, huna shingo tena," mke wangu alisema. "Leo hutanishinda."

Hospitalini daktari alinishika kidevu akaita wenzake. Alisema ningechelewa mpaka jioni, koo lingefunga. Walinipasua chini ya taya, wakatoa usaha, wakang'oa meno ya mbele ya chini. Nilipoweza kusikiliza, akaniambia, "Rangi hii imo ndani ya jino. Haikwanguliki."

Mwende aliolewa nikiwa wodini, bomba limening'inia shingoni. Mdogo wangu ndiye aliyemshika mkono. Kilio hicho sijakimaliza.

Watu hudai kwamba wasaidizi waruhusiwe kusafisha meno, eti madaktari ni wachache huku Eastlands. Yule mama simchukii. Alipewa chuma kabla ya kufundishwa. Waruhusiwe wakishafundishwa wajue kutofautisha ukoga na rangi, na daktari akague kwanza, awe pale pale. Kwangu mwanagenzi hachomelei mlango nikiwa sipo, na mlango ukiharibika hafi mtu.

Namshukuru Mungu, na mke wangu aliyenishinda siku ile. Leo nameza mate yangu mwenyewe. Nawe ukikalishwa kwenye kile kiti, usifungue mdomo kabla ya kuuliza daktari yuko wapi.