Rébecca wa Bungulu na sauti ya papa Shafii

Saa moja asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza kupishana mtaani Bungulu, mjini Beni, Rébecca Syauswa anatundika blanketi la pili ukutani. Chumba ni kile kile anacholala. Godoro limesimamishwa nyuma ya mlango ili sauti isirudi. Mbele yake Éphraïm, mkulima kutoka Luofu anayeimba nyimbo za kanisa, amekiinamia kipaza sauti kama anayetaka kukiuma.

Rébecca anamrudisha nyuma taratibu, kisha anaweka ngumi yake kati ya midomo ya mwimbaji na kipaza.

“Ukae mbali hivi tu. Uimbe sawa unaimbia mutu mwenye iko karibu,” anamwambia.

Kwenye kisanduku kinachounganisha kipaza na kompyuta, taa za kijani zinapanda hadi kukaribia njano. Nyekundu, ya kuonya kwamba sauti imezidi, haiwaki. Rébecca anatabasamu.

Mwaka jana hakuwa na sababu ya kutabasamu. Mshonaji huyu wa miaka ishirini na sita alikuwa amenunua kipaza chake Butembo kwa akiba ya magauni ya harusi, akajifunza mwenyewe. Kila alichorekodi kilitoka hafifu. Akiongeza nguvu kwenye kompyuta, vilipanda pia mvumo, mvua juu ya mabati na jogoo wa jirani. Redio moja ilimrudishia wimbo wa kwaya, ikamwambia wasikilizaji wangedhani betri zao zimekwisha.

Ndipo akaja Hadidja, mfanyabiashara wa vitenge, akiwa na mumewe Shafii. Shafii ni dereva wa lori kati ya Beni na Butembo, na harusi nyingi za Waislamu wa miji hiyo zimepambwa na kaswida zake. Alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba angepasuliwa Ijumaa, na kwamba huenda sauti isirudi ilivyokuwa. Hadidja alitaka wajukuu waisikie ile waliyoizoea wakubwa.

Shafii aliimba kaswida ya kwanza. Walipoisikiliza, ilikuwa kama inatoka nyumba ya pili. Rébecca akamwomba apaze sauti. Mzee alijaribu, akakohoa, akainamisha kichwa.

“Nilisikia haya sana,” anakumbuka Rébecca. “Papa alikuwa mugonjwa, na mimi ndio nilikuwa namuchokesha.”

Hadidja alikuwa ameketi upande wa pili wa kipaza, karibu nacho kabisa. Akainama, akanong’ona: “Amechoka. Tumuache apumuzike kidogo.”

Kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Rébecca alipoirudisha nyuma, ule mnong’ono ulitoka mzito na safi kuliko wimbo wote. Wakatazamana.

“Kumbe hii micro inapenda banamuke,” alisema Shafii akikionyesha kipaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wakacheka.

Rébecca akakigeuza kipaza. Aina ile hupokea sauti vizuri kwa upande mmoja tu, naye kwa miezi alikuwa akiwaimbisha watu mgongoni mwa kipaza. Akamsogeza Shafii, akamwomba aimbe kwa sauti ya chini, ile ya kubembelezea mtoto. Akazungusha kitufe cha kile kisanduku polepole, taa zikapanda. Hapakuwa tena na haja ya kupiga kelele.

Mzee aliimba kaswida tatu, akipumzika kwa maji ya uvuguvugu. Hadidja alizisikiliza kwa vifaa vya masikioni, machozi yakamtoka, kisha akajicheka na kuomba azisikie tena.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sauti ya Shafii imerudi, nzito kidogo na yenye mkwaruzo, naye haoni hasara. Anasema: “Ile ya zamani munayo. Sasa nitakuja turekodi hii mupya.”

Rébecca bado anashona mchana, lakini asubuhi mbili au tatu kila wiki chumba chake kina mwimbaji. Barabara ikiwa salama, mwezi ujao atapanda milimani Masereka, kwao mama yake, na betri ya sola mgongoni. Anataka kurekodi wanawake wanaoimba wakipanda viazi.

“Bale bamama habaimbake na kelele,” anasema huku akikunja blanketi. “Banaimba polepole, sawa banaongea. Zamani ningebapoteza. Sasa nitabasogelea tu, basi nitabapata.”